Vifaranga wa samaki hufa njaa katikati ya chakula

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani huja karibu kwa maneno yaleyale: samaki wangu alizaa, watoto walikuwa wengi, nikawapa chakula, siku ya nne au ya tano nikakuta wamekwisha. Nimekosea wapi? Anayeuliza huwa ameshajibiwa na watu watatu. Wa kwanza kamwambia awape kiini cha yai. Wa pili kamwambia yai ni sumu kwa samaki, awape unga wa mkate. Wa tatu kamwambia asihangaike, aache ndoo ya maji nje mpaka mbu watage, viluwiluwi ndio chakula. Na muuzaji dukani kamuuzia kopo la chembechembe za rangi ambazo kila moja ni kubwa kuliko kichwa cha kifaranga.

Majibu hayo hayakuzuka hewani. Kila moja limewahi kumfaa mtu fulani, kwa samaki wa aina fulani, wa umri fulani. Tabu huanza pale jibu la samaki mmoja linapopewa samaki mwingine. Nami nilipoteza vifaranga wengi kabla ya kuelewa kwamba walikuwa wakifa huku wamezungukwa na chakula: ama kile kisichoingia mdomoni, ama kile kilichokwisha kuoza na kuharibu maji wanayopumulia. Karibu kila ushauri wa kulisha samaki wachanga unaweza kuupima kwa mambo hayo mawili.

Tuelewane kwa majina

Kifaranga ninayemzungumzia hapa ni samaki tangu anapotoka tumboni mwa mama yake, au ndani ya yai, mpaka anapofikisha wiki nne hivi. Chakula hai ni kijidudu chochote cha majini kinacholiwa kikiwa bado kinatembea. Chakula cha nyumbani ni kile unachokitengeneza mwenyewe kwa vitu vya jikoni, kama yai, dagaa au mboga.

Halafu kuna samaki wanaozaa na samaki wanaotaga, na tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gapi, moli na pleti huzaa. Gapi jike hubeba mimba kwa wiki nne hivi, na mtoto wake huzaliwa ana urefu unaokaribia punje ya mchele, macho yako wazi, anaogelea, na saa chache baadaye anatafuta cha kula. Huyu ni rahisi. Beta, goldifishi, tetra na enjeli hutaga. Mtoto wa beta akitoka yaini ana urefu wa milimita tatu hivi na wembamba wa ukope. Huwezi kuwapa hawa wawili chakula kimoja, kama vile usivyoweza kumwekea mtoto wa miezi minne sahani ya makande kwa sababu kaka yake wa miaka sita anaila.

Anayetoka yaini huja na akiba yake. Chini ya tumbo hubeba kijifuko chenye mabaki ya kiini, na mpaka kijifuko hicho kiishe hahitaji kitu kutoka kwako. Mayai ya beta huanguliwa baada ya siku moja au mbili, kisha watoto hukaa siku mbili au tatu nyingine wakining'inia chini ya kiota cha mapovu alichokijenga baba, mkia ukiwa chini. Enjeli huchukua muda zaidi: siku mbili au tatu yaini, kisha siku nne au tano wakitingishika mahali pamoja bila kuogelea. Mtu mwenye huruma akiwaona hivyo huanza kuwamwagia chakula. Chakula hicho hakiliwi, kinaoza, na siku wanapoanza kuhitaji kula maji yameshaharibika. Subiri mpaka uwaone wanaogelea kwa mlalo, mbele, kwa kutaka wenyewe. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kuwalisha, na ukiichelewesha kwa siku mbili wengi hawatakuwa na nguvu tena ya kuwinda.

Mdomo, macho na tumbo

Wafugaji wazoefu hukadiria hivi: chakula kisizidi nusu ya upana wa mdomo wa kifaranga ukiwa wazi. Ukimtazama kifaranga wa beta huo mdomo huuoni kabisa kwa macho ya kawaida. Chembe unazoziona wewe kama unga laini, kwake ni mawe.

Jambo la pili ni macho. Vifaranga wengi ni wawindaji. Kinachowaamsha ni kitu kinachotembea mbele yao; unga uliolala chini wanaupita kana kwamba haupo. Ndiyo sababu chakula hai kinasifiwa sana. Watu huamini kina "dawa" fulani ndani yake. Virutubisho vyake ni vizuri kweli, lakini kinachokitofautisha zaidi ni kwamba kinajitangaza kwa kuchezacheza, na kisipoliwa leo kinaendelea kuishi mpaka kiliwe badala ya kuoza.

Tumbo la kifaranga nalo halijakamilika. Samaki wengi huanza maisha bila tumbo linalofanya kazi kama la mkubwa. Wana utumbo mfupi ulionyooka, chakula kinaingia na kutoka upesi. Hawezi kushiba asubuhi akangoja jioni. Anahitaji kidogo, mara nyingi, kama mtoto mchanga anavyonyonya. Mara nne au tano kwa siku ni vizuri sana, tatu zinatosha ukiwa mtu wa kazini.

Niwaambie kilichonifumbua macho. Beta wangu wa kwanza kuzaa walikuwa zaidi ya mia moja. Nilisaga chakula cha dukani kwa kijiko mpaka kikawa vumbi, nikawanyunyizia kila asubuhi na jioni. Siku ya tano asubuhi walikuwa wamebaki kama kumi, nami nikaanza kuulizia dawa, nikiamini ni ugonjwa. Rafiki yangu akaniazima kioo cha kukuzia. Niliwatazama wale kumi mmoja mmoja dhidi ya mwanga wa dirisha. Miili yao ilikuwa inapenya mwanga kama karatasi ya sambusa iliyolowa mafuta, na mahali pa tumbo palikuwa pameingia ndani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu tumboni. Chini ya tangi lile vumbi langu lilikuwa limetanda, limeota nywele nyeupe za ukungu. Walikuwa na njaa siku zote zile, na mimi nilikuwa nikiwaongezea uchafu mara mbili kwa siku nikidhani nawalisha.

Kile kinachowaua bila kuonekana

Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na chakula kinachooza hutoa amonia zaidi. Amonia huunguza matamvua. Katika tangi lililokaa muda mrefu, bakteria wanaoishi kwenye chujio na mawe huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo bado ni sumu, kisha wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo ina madhara kidogo. Fikiria shimo la taka lenye wafanyakazi wa kutosha: taka inaingia, inachukuliwa. Sasa kichukue kifaranga umweke kwenye bakuli jipya la maji masafi, yanayong'aa, ambalo halina hata bakteria mmoja wa kazi hiyo, halafu mwaga yai. Maji yatabaki yanang'aa siku nzima na yatakuwa na sumu.

Kwa hiyo mweke kifaranga kwenye maji ya tangi lililozoea, tumia chujio la sponji linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa ili wasifyonzwe, na kila siku toa sehemu ya kumi mpaka ya tano ya maji pamoja na masalia ya chini, kwa mpira mwembamba. Maji ya kurudishia yawe ya joto lilelile. Kama ni ya bomba, yakae ndooni wazi siku nzima kwanza ili klorini itoke. Konokono wawili watatu wa tangini ni wasaidizi wazuri. Wanakula kilichobaki bila kuwagusa watoto.

Infusoria: maji yaliyolowekwa

Neno infusoria linawatisha watu, na hali jambo lenyewe ni la kale na rahisi. Ni jina la jumla la vijidudu vidogo sana vinavyojitokeza kwenye maji uliyolowekea kitu cha mmea. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuviona. Alilowesha pilipili manga akitaka kujua ukali wake unatoka wapi, akatazama maji yale kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, akakuta yamejaa viumbe. Barua yake juu ya mambo hayo kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ni ya mwaka 1676. Wanaokua zaidi ukifanya hivyo nyumbani ni paramesia, ambao hata walio wakubwa ni robo au theluthi tu ya milimita. Hao ndio wanaoingia mdomoni mwa beta na tetra mchanga.

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ijaze maji ya tangi lako la zamani, si ya bomba, kwa kuwa mbegu ya vijidudu imo humo tayari. Tia kipande cha ganda la ndizi kisichozidi kidole, au nyasi kavu kidogo, au jani la mchicha lililokauka. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia mbu, weka mahali penye mwanga lakini si juani.

Siku ya pili maji yatakuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na yatanuka. Hapa watu hugawanyika katika makosa mawili. Wengine humwaga wakidhani yameharibika. Wengine huwapa vifaranga hapohapo. Weupe ule ni bakteria waliofumka kwa kula ganda. Ukiumwaga tangini unawaletea watoto matope yanayomaliza hewa. Ngoja. Kati ya siku ya nne na ya sita paramesia wanaokula bakteria hao wanaongezeka, na maji yanaanza kung'aa tena, harufu inapungua. Inua chupa dhidi ya taa: utaona vumbi jeupe linalopanda na kushuka lenyewe, likijikusanya upande mmoja. Vumbi halitembei bila upepo, kwa hiyo hicho unachokiona ni chakula. Nyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la kununua duka la dawa, uwape kidogo asubuhi, mchana na jioni. Anzisha chupa ya pili siku tatu baada ya ya kwanza, maana moja ikiisha hutaweza kusubiri wiki nzima.

Ukweli wa kusikitisha ni kwamba infusoria haianzishwi siku mayai yanapotagwa. Utachelewa. Ianze wiki moja kabla, unapowaona wazazi wanaanza kuchumbiana.

Kiini cha yai: rafiki mwenye masharti

Wale waliokwambia yai linafaa wamesema kweli, na waliokwambia linaua nao wamesema kweli. Vifaranga wa gapi na goldifishi wanalila vizuri. Chembe zake ni ndogo sana na zinaelea kwa muda kabla ya kuzama, hivyo huonekana kama zinatembea. Lakini ni mafuta na protini tupu, na ndani ya saa chache kwenye maji ya joto huanza kuoza.

Chemsha yai mpaka kiini kikauke kabisa. Chukua kiasi cha punje moja ya choroko, si zaidi, hata kama una vifaranga hamsini. Kifunge kwenye kitambaa chembamba, kitingishe ndani ya kikombe cha maji mpaka yawe kama maziwa mepesi. Kile kinachopita kwenye kitambaa ndicho chakula. Kinachobaki ndani tupa au ule mwenyewe. Dondosha matone machache tu, utazame. Wakishaacha kukimbilia matone, umemaliza. Baada ya saa moja nyonya kilichotua chini. Kikombe hicho hakifiki kesho nje ya friji. Mimi hutumia yai kama daraja la siku chache, pale infusoria inapopungua na chakula kikubwa zaidi hakijawa tayari, na silitumii kabisa siku ambayo nitakuwa mbali na nyumbani.

Maziwa, ambayo nayo hutajwa sana, niseme waziwazi: hapana. Samaki hanyonyi, na maziwa yakimwagwa tangini yanageuka chakula cha bakteria dakika ileile. Kuna samaki mmoja anayechanganya watu hapa, diskasi wa Amazon, ambaye vifaranga wake hung'ata ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wote wawili. Watu hupenda kuuita ute huo maziwa, lakini unatoka mwilini mwa mzazi, hautoki pakitini. Mkate na unga wa ugali ni wanga mtupu: unavimba tumboni, haumkuzi.

Artemia, na tumbo la rangi ya chungwa

Kama ningeruhusiwa kushauri chakula kimoja tu kwa vifaranga wa samaki wa mapambo, ningesema artemia wachanga. Ni kamba wadogo wa maziwa na mabwawa yenye chumvi nyingi. Mayai yake hukauka yakawa kama mchanga wa kahawia, na yakitunzwa makavu na baridi hukaa miaka yakiwa hai. Mayai mengi yanayouzwa duniani hutoka Great Salt Lake huko Utah, Marekani. Huku kwetu nao wapo: katika miaka ya 1980 waliletwa kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi. Kutumia artemia kwa samaki wachanga kulianzia miaka ya 1930, pale watafiti Seale wa Marekani na Rollefsen wa Norway walipoonyesha kwamba watoto wa artemia wanafaa kuwa chakula cha samaki waliotoka kuanguliwa. Tangu hapo ufugaji wa samaki ulibadilika, maana ilipatikana njia ya kuweka chakula hai kabatini.

Kuwaangua si kazi kubwa. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini huku kizibo kimekazwa, isimamishe kwenye kopo. Tia lita moja ya maji na gramu 25 za chumvi, yaani vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Kuna imani kwamba chumvi ya jikoni yenye madini joto huwaua. Nimeitumia miaka yote na wanaanguliwa vizuri. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha mayai, ingiza mpira wa pampu ya hewa mpaka chini ili maji yachemke kwa mapovu bila kutulia, na weka taa karibu. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa 24 zinatosha. Arusha, Mbeya au Nairobi zinaweza kufika 36 hata 48 kama huna kitu cha kupasha maji.

Zima pampu, subiri dakika kumi. Maganda matupu yataelea juu, na chini karibu na mwanga patajikusanya wingu la rangi ya chungwa. Lile wingu ni watoto wenyewe, kila mmoja akiwa na nusu milimita hivi. Wanyonye kwa mpira, wachuje kwenye kitambaa, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiyachukue maganda, kwa sababu kifaranga akiyameza yanaweza kumziba utumbo. Na usiwaache artemia chupani mpaka kesho kutwa: saa chache baada ya kuanguliwa huanza kutumia akiba yao ya kiini, na kadiri wanavyokaa ndivyo lishe inavyopungua. Wakiingia kwenye maji yasiyo na chumvi huishi saa kadhaa tu, basi wape kinacholika kwa nusu saa.

Halafu kaa utazame. Ile miili inayopenya mwanga inakuwa na kitone kidogo cha rangi ya chungwa katikati, kimoja baada ya kingine, kama taa zinazowashwa mtaani magharibi. Huhitaji kukisia nani amekula na nani hajala. Nilipoviona vitone hivyo kwa beta wa uzao wangu wa tatu, nilimwita mke wangu aje aone, na tulikaa pale mpaka chai ikapoa.

Gapi, enjeli na vifaranga wengi wa samaki wa Ziwa Tanganyika wanakula artemia siku ya kwanza. Kwa wengi wa beta na tetra ngoja siku nne mpaka saba kwa infusoria kwanza.

Artemia ni ghali na si kila mji unazipata, kwa hiyo tafuta mfugaji mwenzako akugawie mbegu ya minyoo. Kuna minyoo ya siki, isiyozidi milimita mbili na myembamba kama uzi wa buibui, inayoishi ndani ya siki ya tufaha na kuogelea kote majini hata ikihamishiwa tangini. Inawafaa sana beta wanaokaa karibu na uso wa maji. Na kuna minyoo ya uji, inayofugwa juu ya uji mzito wa shayiri au dona wenye hamira kidogo. Ikizidi hupanda kuta za kopo, unaipangusa kwa kidole na kuisuuza tangini. Hii huzama, basi itawafaa wanaokula chini, na isiyoliwa kwa siku moja itakufa.

Ndoo ya mbu

Hili la kuacha ndoo ya maji nje linaniudhi, na nitalisema bila kuzunguka. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri kwa samaki wakubwa. Kwa kifaranga ni wakubwa mno, kwa hiyo hata sababu yenyewe ya kuwafuga haipo. Katika joto la pwani mbu hutoka yaini mpaka kuruka kwa wiki moja au siku kumi. Ukisahau ndoo yako wikiendi moja, umewazalishia majirani mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeeneza dengue hupenda hasa maji yaliyotuama ndooni, kwenye matairi na vyungu vya maua. Samaki wa nyumbani hawastahili gharama hiyo.

Kuchota maji bwawani nako kuna hatari yake. Humo mna viroboto wa maji, ambao ni chakula bora, lakini pia mna watoto wa kereng'ende, na mmoja tu akiingia anaweza kumaliza uzao mzima usiku mmoja. Ukitaka viroboto wa maji, chukua wachache, wakague kwenye sahani nyeupe, kisha wazalishe mwenyewe kwenye beseni la maji ya kijani lililofunikwa kwa chandarua. Maji ya kijani si uchafu. Ni mwani, na mwani ndio malisho ya viroboto.

Dagaa, kuanzia wiki ya pili

Baada ya siku kumi hivi vifaranga wengi wanakubali chakula kisichotembea, mradi kianguke polepole. Hapa jikoni kwetu kuna hazina. Chukua dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, si wale wa pwani waliotiwa chumvi. Ondoa vichwa na matumbo, wasuuze vizuri maana wengi huanikwa mchangani, wakaushe tena juani. Watwange kwenye kinu au uwasage, kisha pepeta mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa chepesi. Unga unaopita kwenye kitambaa ni wa vifaranga. Unaobaki, wape wazazi.

Mimi huchanganya unga huo na kiini cha yai na mchicha uliochemshwa ukakamuliwa, naupika kwa mvuke mpaka ushikane, naukausha na kuusaga upya. Yai likishikana hivyo haliyeyuki ovyo majini. Moli na pleti hasa wanahitaji hiyo mboga. Wape kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili.

Mama zao hawatawalisha?

Gapi jike atawala watoto wake akiwafikia, na hana ubaya. Kwake ni viluwiluwi kama wengine. Weka majani mengi yanayoelea, au mhamishe. Beta dume hulinda mayai kwa bidii kubwa, lakini mwondoe watoto wakianza kuogelea. Samaki wa Ziwa Tanganyika ndio wanaoshangaza. Tropheus, wanaovuliwa Kigoma na Burundi kupelekwa matangini duniani kote, jike hubeba mayai na watoto mdomoni karibu mwezi mzima. Watafiti ziwani wameona akiendelea kuparua mwani kwenye mawe huku mdomo umejaa, na watoto wanakula humohumo. Wanapotemwa wamepita sentimita moja na wanaweza kula chakula cha kawaida kilichosagwa.

Na yuko wa kwetu kabisa, Nothobranchius guentheri wa Unguja, dume lake lina mkia mwekundu kama pilipili. Huishi kwenye vidimbwi vinavyokauka. Kiangazi huwaua wote, yanabaki mayai ndani ya tope. Wafugaji huyahifadhi miezi mitatu hivi ndani ya makumbi ya nazi yenye unyevu. Mvua ikinyesha yanaanguliwa, na kifaranga anaweza kula artemia mchanga siku hiyohiyo. Mvua inayomwamsha huamsha pia mayai ya kamba wadogo wa vidimbwi, jamaa wa artemia, yaliyolala kwenye tope lilelile. Anafungua macho mezani.

Kwenye tangi lako meza hiyo ni juu yako kwa wiki nne mpaka sita: ndogo sana kwanza, kisha artemia, kisha unga, na kila hatua mpya ianze kabla ya ile ya zamani kuisha, wachanganyie siku tatu nne. Wakubwa watakaowapita wenzao watenge, maana beta na enjeli wenye pengo la ukubwa hulana. Kuwarudisha kwenye tangi la wazazi usihesabu kwa kalenda. Mtazame samaki mkubwa kuliko wote humo anapopiga miayo, kisha mtazame kifaranga wako. Akiwa bado anaingia kwenye mdomo ule, mwache alipo wiki nyingine.